Nani Anamnong'oneza Gontran?

“Pumua, mpenzi. Pumua taratibu. Niko hapa.”

Armelle aliganda, kidole juu ya kitufe. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini na ya karibu, sauti ya mtu anayeongea akiwa amelaza kichwa kwenye mto. Na wote waliofungwa maikrofoni asubuhi ile aliwafunga yeye mwenyewe, na huyu hakuwamo.

Alikuwa ameketi chini ya turubai katika ua wa ngome ya Rochefauve, Ufaransa, hedfoni masikioni, mvua ya Novemba ikimwagika tangu alfajiri. Yeye ndiye fundi sauti mkuu wa filamu ile. Kila asubuhi, kabla kamera hazijawashwa, hupitia masafa yote ya redio yaliyo hewani kuhakikisha hakuna anayemwingilia. Mara nyingi hukuta madereva wa malori wakitukanana. Leo amekuta mwanamke.

“Usiwatazame wengine,” sauti iliendelea. “Nisikilize mimi tu.”

Armelle akafungua maikrofoni ya Hervé. Hervé Castaing ndiye mwigizaji mkuu, na pia ndiye mwanamume aliyeishi naye miaka kumi na miwili. Wakati ule alikuwa ndani ya ukumbi wa ngome, ndani ya deraya yake ya chuma, akifanya mazoezi.

“Asante, kipenzi,” Hervé alisema. “Bila wewe ningeshakufa.”

Armelle akavua hedfoni. Kahawa yake ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo.

“Bosi, tuko tayari?” Yannick aliingia chini ya turubai akikung'uta maji. Yannick ndiye mshika fimbo ya maikrofoni, na wamefanya kazi pamoja tangu wakiwa hawana hata mvi moja.

“Yannick, kuna mtu anatumia masafa ambayo si yetu.”

“Aa, hao watakuwa wakulima.”

“Wakulima wanaitana mpenzi?”

“Huku Auvergne, bosi, lolote linawezekana. Baridi ni kali.”

Alisema hivyo akikunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Yannick hajui kudanganya. Armelle alimtazama, akataka kuuliza zaidi, akaona hana nguvu za kuuliza.

Watu hudhani filamu ya kuchekesha hutengenezwa kwa vicheko. Kawaulize waliokuwa Rochefauve. Matope yalifika magotini, watawa wa kukodi walikohoa usiku na mchana, na nguruwe, ambaye kwenye filamu ni mhusika muhimu kuliko askofu, alisinzia kila kamera ilipowashwa. Kila siku mlo ulikuwa dengu. Hadithi yenyewe ni ya Bwana Gontran, shujaa wa farasi anayerudi kutoka vitani na kukuta mkewe ameolewa na mchunga nguruwe wake. Kila mtu anadai hamjui. Ili arudishiwe mke na ngome, lazima akariri mbele ya watu wote kiapo alichokula siku ya ndoa yao, neno kwa neno.

Na kiapo hicho kilikuwa kinapigwa filamu siku hiyohiyo.

Simu ya Armelle ikatetemeka. Alikuwa dada yake Nolwenn, kutoka kwao Brittany.

“We bibi harusi! Chaza wa karamu niagize wangapi?”

“Wowote, Nolwenn.”

“Wowote ndiyo wangapi? Jumamosi ni keshokutwa! Na ujue tangazo lenu la ndoa bado limebandikwa mlangoni kwa meya. Hata muuza nyama ameshalisoma. Ameniambia, ‘Kumbe dada yako anaolewa? Nilidhani ameshazeeka.’”

“Amesema kweli.”

“Una nini wewe? Sauti yako haina raha.”

“Nimechoka tu.”

“Miaka miwili hii unaniambia umechoka tu. Tangu tumzike mama.”

“Basi ndiyo hivyo. Nitakupigia.”

Akakata. Miaka kumi na miwili Hervé alikuwa akisema, “Tukimaliza hii filamu tunaoana,” na filamu zikiisha zinakuja nyingine. Mwaka huu ghafla akawa na haraka. Alikwenda mwenyewe kwa meya, akapanga siku, akanunua hadi viatu. Armelle alifurahi, akajiambia subira yavuta heri. Sasa alijiuliza haraka ile ilitoka wapi.

Wakati wa chakula hakumwona Hervé mezani. Akamwandikia ujumbe.

“Uko wapi? Dengu zinapoa.”

Jibu lilikuja upesi. “Nimelala garini mpenzi. Kichwa kinauma. Tutaonana ukumbini.”

Sasa, kuna jambo ambalo waigizaji wote wanalijua na wote hulisahau. Maikrofoni inayofungwa kifuani asubuhi haivuliwi mpaka jioni. Mtu anakwenda nayo chooni, anakwenda nayo kusengenya, na fundi sauti akitaka anasikia yote. Mafundi wa sauti wana mwiko wao: kile unachosikia humo ni kama hukukisikia. Katika kazi yake yote Armelle hakuwahi kuuvunja.

Siku hiyo aliuvunja. Alivaa hedfoni akafungua.

“Umemwambia uko wapi?” Ilikuwa sauti ileile ya mwanamke, na sasa aliitambua. Ludivine Pasquet, yule msichana anayeigiza mpishi wa ngome. Umri wake ulikuwa nusu ya umri wa Hervé.

“Nimemwambia nimelala.”

“Utamdanganya mpaka lini, Hervé?”

“Mpaka Jumamosi. Akishatia saini, basi.”

“Hiyo si haki. Mwenzio hajui anaingia kwenye nini.”

“Najua.”

“Mimi nimechoka kujificha nyuma ya mapazia. Akinitazama naona haya.”

“Nivumilie siku mbili tu, Ludivine. Nakuomba.”

Armelle akafunga maikrofoni. Hakulia. Alikaa akitazama mvua. Kilichomuuma zaidi kilikuwa lile neno *basi*. Akishatia saini, basi. Kama vile yeye ni mlango unaofungwa.

Mchana wakaingia ukumbini. Wazee wa baraza walikaa upande mmoja, watawa upande mwingine, na katikati Hervé alisimama ndani ya chuma chake, ndevu zimepakwa tope. Mbele yake Dame Ermengarde, mkewe wa kwenye filamu, alimshika mchunga nguruwe mkono. Kamera ilikuwa inamtazama Hervé peke yake.

Armelle alikuwa pembeni na mashine zake. Aliona pazia moja la ukutani likicheza ingawa hakukuwa na upepo, na chini yake akaona ncha za viatu vya Ludivine.

“Kimya!” alipaza sauti mwongozaji, Bérengère Soulac, mwanamke ambaye koo lake lilikuwa limekauka tangu wiki ya kwanza. “Sauti!”

“Inakwenda,” Armelle alisema.

“Kamera!”

“Inakwenda!”

“Haya, Gontran. Apa!”

Sikio la kushoto la Armelle lilikuwa kwenye masafa ya yule mwizi. Alimsikia Ludivine akivuta pumzi. Basi akafanya kitendo kidogo sana. Aliwasha kifaa chake cha akiba cha kurushia sauti kwenye masafa hayohayo, chenye nguvu zaidi, bila kukisemea chochote. Redioni mwenye nguvu humfunika mnyonge. Ludivine akapotea.

Alisema moyoni, sasa nitakuona, bwana, bila mpenzi wako sikioni.

“Mimi Gontran,” Hervé alianza kwa sauti kubwa. “Mimi Gontran, mwana wa Gontran...”

Akanyamaza.

“Mimi Gontran...”

Akageuza kichwa huku na huku. Deraya ikalia. Mtawa mmoja akaguna kwa kicheko, kisha mwingine. Wakadhani anaigiza.

“Mimi... mimi ni...”

Wasaidizi wote walikuwa wamejiziba midomo wasicheke kwa sauti. Bérengère alikuwa akitikisa ngumi kwa furaha. Nguruwe mwenyewe aliamka.

Armelle peke yake hakucheka, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na pumzi za Hervé masikioni. Pumzi fupifupi, za juu, zinazokwama. Alizijua. Alilala nazo chumba kimoja miaka sita. Mama yake alipumua hivyo aliposimama katikati ya jikoni lake mwenyewe asijue kabati liko wapi, na baadaye alipomtazama binti yake akauliza, “Wewe ni nani, mama?”

Mkono wake ukaenda kwenye kifaa cha akiba, akakizima. Ludivine alikuwa ananong'ona kwa hofu: “...wa Gontran mwenye jicho moja. Hervé, unanisikia? Mjukuu wa Gontran mwenye jicho moja. Pumua, mpenzi. Niko hapa.”

“Mjukuu wa Gontran mwenye jicho moja!” Hervé alitamka, machozi yakimtoka. Ukumbi ukaangua kicheko.

“Kata!” Bérengère alipiga makofi. “Hervé, uso ule! Uso wa mtu aliyepotea! Kwa miaka thelathini sijaona uigizaji wa namna ile. Tunaubakiza kama ulivyo!”

Hervé alikuwa akimtazama Armelle. Alijua nani mwenye uwezo wa kukata sauti mahali pale.

Walikutana kwenye kikanisa cha ngome, kilichokuwa kimejazwa mikuki ya mpira na vichwa vya farasi vya bandia. Hervé aliketi juu ya sanduku. Deraya ilikuwa nzito, akaketi kama gunia.

“Tangu lini?” Armelle aliuliza.

“Tangu majira ya kuchipua. Nilidhani ni uzee. Halafu daktari akanionyesha picha za kichwa changu.”

“Akasemaje?”

“Ugonjwa wa kusahau. Ndiyo kwanza unaanza. Unaweza kwenda polepole, unaweza kwenda mbio. Hajui.”

“Na hicho kitu cha sikioni nani kakuwekea?”

“Yannick. Usimfukuze. Nililia mbele yake, na unajua Yannick hawezi kuona mtu analia.”

“Na Ludivine?”

“Bibi yake alikuwa hivyohivyo. Ananisomea mistari, basi. Ananiita mpenzi kwa sababu anawaita watu wote mpenzi, hata nguruwe.” Akajaribu kutabasamu. “Ulidhani mimi na yule mtoto...?”

“Nilidhani hivyo, ndiyo.”

“Kwa tumbo hili?”

“Usinichekeshe, Hervé. Leo usinichekeshe.”

Nje mtu alikuwa akimwita nguruwe kwa jina.

“Nilisikia mlivyozungumza wakati wa chakula,” Armelle alisema. “Ulisema, akishatia saini, basi.”

Hervé akainamisha kichwa.

“Nijibu. Ulitaka nitie saini kwanza, ndipo nijue?”

“Ndiyo.”

“Ili nikishajua nisiweze kuondoka.”

“Ndiyo.” Hakujitetea. “Siku tunamzika mama yako, ulisema kaburini. Ulisema, ‘Sitamuuguza tena mtu anayeniuliza mimi ni nani. Afadhali nife mapema.’ Nilikuwa nimekushika mkono. Wakati ule nilikuwa mzima. Daktari aliponiambia, nilikumbuka maneno yako yote, hata mimi nisiyekumbuka. Nikasema, nikimwambia anaondoka.”

“Na labda ungekuwa sawa! Labda ningeondoka!” Sauti yake ikapanda mpaka kwenye dari. “Lakini ningeondoka mimi. Kwa miguu yangu. Au ningebaki kwa miguu yangu. Wewe umenifanya mjinga, Hervé. Dada yangu anaagiza chaza! Umenunua viatu!”

“Viatu vinabana.”

“Sitaki kujua!”

Akakaa naye juu ya sanduku. Alikuwa na hasira na alikuwa amechoka, na uchovu ulikuwa mwingi kuliko hasira. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Hervé aliumbuliwa na kitufe tu, na Armelle ndiye aliyekibonyeza, mbele ya watu waliokuwa wakicheka. Hilo nalo lilimuuma.

“Walikuwa wanakucheka,” alisema.

“Ndiyo kazi yangu.”

“Mimi ndiye niliyewachekesha.”

“Hukujua.”

“Ningejua kama ungeniambia.”

“Ndiyo.” Akavua glavu ya chuma, mkono wake ukabaki hewani, akaogopa kumgusa. “Vunja, Armelle. Mpigie Nolwenn, mwambie asiagize. Nitamweleza meya mimi mwenyewe. Sitakulaumu hata nikikumbuka.”

“Sijui, Hervé. Kweli sijui. Usiniulize leo.”

Mlango ukagongwa. Yannick akaingiza kichwa, macho yakiwa chini.

“Bosi... samahani. Bérengère anatuita. Kamera imegeuzwa, sasa ukumbi mzima utaonekana. Na mpishi lazima awemo kwenye picha, anagawa supu.”

Wote watatu walikuwa wameelewa. Mpishi ni Ludivine. Akigawa supu mbele ya kamera, hakuna atakayekuwa nyuma ya pazia. Na Yannick mikono yake yote miwili iko kwenye fimbo.

“Nitajaribu peke yangu,” Hervé alisema.

“Kiapo chote?” Yannick aliuliza kwa upole.

Armelle akamnyooshea Yannick mkono.

“Nipe hiyo maikrofoni ya Ludivine.”

“Armelle, si lazima...”

“Ni kazi. Filamu lazima iishe. Inuka, unalowesha sanduku la watu.”

Ukumbini mishumaa ikawashwa upya. Armelle alikaa nyuma ya mashine zake, karatasi za kiapo magotini, maikrofoni ndogo mdomoni. Ludivine alipita na bakuli la supu, akasimama mbele yake kidogo.

“Madame Armelle, nilitaka kukwambia siku nyingi...”

“Najua, mwanangu. Nilikusikia. Kagawe supu.”

“Ukimwona amekwama usirudie haraka. Mwache apumue kwanza.”

“Nimemzoea.”

“Kimya!” Bérengère alisema kwa sauti ya kukwaruza. “Sauti!”

“Inakwenda.”

“Kamera!”

“Inakwenda!”

“Gontran, apa!”

Armelle alisogeza mdomo. “Mimi Gontran, mwana wa Gontran, mjukuu wa Gontran mwenye jicho moja.”

“Mimi Gontran, mwana wa Gontran, mjukuu wa Gontran mwenye jicho moja!” Hervé alinguruma, na watawa wakajikuna kwa pamoja kama walivyofundishwa.

“Naapa kukulisha nikiwa nacho, na kukuchekesha nisipokuwa nacho.”

“Naapa kukulisha nikiwa nacho! Na kukuchekesha nisipokuwa nacho!”

Alimsomea kipande kwa kipande. Aliposikia pumzi inaanza kukwama, alinyamaza, akasema, “Taratibu. Upo. Nipo,” lakini aliyasema maneno hayo pembeni ya maikrofoni, yamfikie kwa mbali tu, kwa kuogopa Hervé asije akayarudia. Aliuona mgongo wake ukinyooka. Mtu mzima huyu alikuwa amejiweka mikononi mwake kabisa. Lolote ambalo angemwambia, angelisema. Miaka sita ya mama yake hakuwahi kuwa na neno hata moja la kumsaidia, ilikuwa kama kupiga kelele nje ya nyumba iliyofungwa. Hapa palikuwa na sikio lililo wazi bado. Halitakuwa wazi daima, alilijua hilo kuliko daktari.

“Na nikirudi nimeoza, unipokee na harufu yangu.”

“Na nikirudi nimeoza, unipokee na harufu yangu!”

Nguruwe akakoroma mahali pake hasa. Kiapo kilikuwa kimeisha. Kilichobaki ni Dame Ermengarde kuzimia. Armelle aliweka karatasi chini. Macho yalikuwa yamejaa maji, hakuona hata taa za mashine. Na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa ameshasema, mdomo ukiwa kwenye maikrofoni.

“Jumamosi nitakuja. Lakini usinifiche tena kitu, mjinga wewe.”

Na Bwana Gontran, mkono kifuani, akageukia ukumbi mzima, akatangaza kwa sauti iliyotikisa mishumaa:

“Jumamosi nitakuja! Lakini usinifiche tena kitu, mjinga wewe!”

Dame Ermengarde, aliyekuwa ameanza kuzimia, akafumbua jicho moja. Askofu akageuza kurasa zake akitafuta mstari ule. Yannick alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yakimtetemeka, na haikujulikana kama analia au anacheka.

“Kata!” Bérengère alisimama juu ya kiti. “Hiyo nani kaandika? Haimo! Jumamosi gani? Enzi zile?”

Watu wote wakalipuka kwa vicheko. Ludivine aliweka bakuli la supu sakafuni, akajifunika uso kwa aproni.

Hervé hakucheka. Alisimama palepale katikati, kama mtu aliyepewa zawadi na anaogopa kwamba imekosewa anuani. Aliinamisha kidevu hadi kwenye maikrofoni ya kifuani, akasema kwa sauti ndogo ambayo katika ukumbi ule mzima ni mtu mmoja tu angeisikia.

“Armelle. Hiyo ya mwisho... ilikuwa ya Gontran au ilikuwa yangu?”

“Yako.”

“Yote?”

“Yote,” Armelle alisema. “Hata hapo kwenye mjinga.”